UZI: Sisi wagumu wa Kilimanjaro, tunavyoishi juu na chini ya mlima

Mwana wa Kibosho

Wakuu, habari za jioni. Nyuzi za Kilimanjaro humu zipo nyingi na nimezisoma karibu zote. Watu wanauliza gharama, wanauliza viatu, wanauliza kama ni kweli mtu anaweza kufia huko. Hayo ni maswali ya mgeni. Leo naomba nieleze upande wa wenyeji, watu ambao mlima ni kazini kwao na ndiko walikopatia marafiki wa kufa na kuzikana.

Mimi ni mzaliwa wa Kibosho. Nimebeba mizigo miaka saba, nikasaidia jikoni miaka miwili, sasa ni kiongozi msaidizi. Kwenye karatasi tunaandikwa wapagazi. Mlimani jina letu ni wagumu, na mmoja wetu ni mgumu. Jina hilo tunalipenda.

Nianzie mbali kidogo. Babu yangu alijenga nyumba ya bati na kusomesha watoto kwa kahawa. Anaipeleka chamani, KNCU, ushirika wetu wa wakulima, inauza, ada inapatikana. Mwaka 1989 makubaliano ya dunia ya kugawana soko la kahawa yakavunjika na bei ikaporomoka. Wakati huohuo vihamba, yaani mashamba yetu ya kurithi, vinazidi kukatwa vipande. Baba alirithi nusu ya kihamba cha babu, na sisi tuko wanne wa kiume. Piga hesabu mwenyewe migomba mingapi inabaki kwa kila mmoja. Wengine walikwenda Dar es Salaam na Arusha kufungua maduka. Sisi tusio na mtaji tuliangalia juu, mlima ulikuwa palepale ulipo siku zote.

Kuingia kazini kunahitaji mtu. Unaweza kwenda geti la Machame alfajiri, ukasimama na wenzako kando ya barabara ukisubiri kuitwa, na ukarudi nyumbani saa sita mchana bila kitu. Siku ya pili hivyohivyo. Mimi nilienda siku tano. Siku ya sita mtoto wa mama mdogo aliyekuwa mpishi akanitaja kwa kiongozi wake: "Huyu ni wa kwetu, namjua." Hayo maneno manne, tano, ndiyo yaliyonipandisha. Aliyenitaja alikuwa anaweka jina lake rehani, maana nikilala njiani na mzigo wa mgeni, yeye ndiye ataulizwa.

Nilipanda na viatu vya shule. Msitu wa Machame ulinyesha tangu getini hadi kambini, na mzigo wangu ulikuwa kilo 20 kamili, ndicho kiwango cha juu ambacho mizani ya hifadhi inaruhusu. Nililowa mpaka soksi. Kambini nikajua kwamba hema la kulala sisi hatuna. Tulikuwa tunalala kwenye hema la wageni la kulia chakula, na wageni wale walipenda mazungumzo. Tulisubiri nje hadi wamalize chai, tumejikunyata nyuma ya hema la jikoni. Siku hizi kampuni nyingi zimejirekebisha, lakini wakati ule ilikuwa kawaida.

Siku ya nne ndiyo sitaisahau. Mnaofahamu njia ya Machame mnajua kwamba kambi ya Barafu, iliyo kwenye mita 4,600 na zaidi, haina maji hata tone. Maji ya mwisho ni bonde la Karanga. Kila kikombe cha chai ambacho mgeni anakunywa Barafu kabla ya kwenda kileleni kimebebwa na mtu kutoka huko chini. Tulishafika Barafu, nimeshatua mzigo, kichwa kinagonga kama mtwangio, kiongozi akasema maji hayatoshi, watu wawili warudi Karanga. Mmoja wao nikawa mimi, kwa kuwa ni mgeni wa kazi.

Wa pili alikuwa mzee mmoja wa Umbwe, mtu wa makamo aliyekuwa anabeba mtungi wa gesi. Aliponiona nimenyakua ndoo na kuanza kushuka mbiombio akaniita: "Mdogo wangu, kunywa uji kwanza. Maji hayakimbii." Akanivua soksi zangu zilizolowa, akanipa zake kavu, akavaa viatu bila soksi. Tulishuka, tukajaza, tukapanda. Katikati ya kilima nilianza kutapika. Hakusema neno. Alitua ndoo yake, akapandisha yangu hatua mia hivi, akarudi kuchukua yake, akanipita, akarudi tena. Alifanya hivyo hadi kambini. Kwa kiongozi hakupeleka maneno, na malipo yangu hayakuguswa.

Mzee yule tulimzika mwaka juzi kihambani kwake, kwa ugonjwa usiohusiana na mlima. Waliobeba jeneza walikuwa wagumu watupu, na lilipandishwa kile kilima cha kwao bila kuyumba.

Naendelea baadaye, kuna ng'ombe wa kukatia majani.

Mdau wa Dodoma

Mkuu, nimeacha kazi ofisini kusoma hii. Nina ndoto ya kupanda tarehe 9 Disemba, siku ya Uhuru. Endelea tafadhali, na ukipata nafasi nieleze hao watu wote wanaopanda na mgeni mmoja ni wa nini.

Mwana wa Kibosho

Nimerudi. Mdau wa Dodoma, wageni wawili tu wanaweza kuwa na watu wanane hadi kumi nyuma yao. Kuna kiongozi mkuu na msaidizi, mpishi, mhudumu wa mezani, na waliobaki ni wagumu wa mahema, chakula, gesi, meza na viti, mabegi ya wageni na choo cha kubebeka. Kuna mmoja anapewa trei za mayai, anazibeba mkononi siku nzima msituni na kwenye mawe. Huyo huchaguliwa kwa tabia yake. Mtu wa haraka hapewi mayai.

Sasa maisha yenyewe yako kwenye hema la jikoni. Mgeni akishalala, pale ndipo kijiji kinapofunguliwa. Ugali unasongwa, dagaa au kabichi ipo, chai ya tangawizi inazunguka. Mtu aliyekula vizuri anabeba vizuri, na mpishi anayewabania wagumu chakula habari zake hufika Moshi kabla yeye hajashuka. Zipo safari ambazo tulikula mlo mmoja kwa siku, na usiku wake hakuna aliyezungumza na mwenzake. Njaa inanyamazisha watu.

Lakini jikoni kukiwa na chakula utasikia mambo. Wamachame wanawatania Wakibosho, Wakibosho wanawatania Warombo, kila mmoja anasema Kichaga cha kwao ndicho chenyewe na cha mwenzake hakieleweki. Wapare wapo, Wameru na Waarusha wapo, siku hizi hata vijana kutoka Singida. Mzee atasimulia habari ya Kibo na Mawenzi, vilele viwili vya mlima wetu, jinsi Mawenzi alivyokuwa anauzima moto wake na kwenda kuomba kaa kwa ndugu yake kila mara, hadi Kibo akachoka na kumpiga kwa mchi wa kutwangia, ndiyo maana Mawenzi amechongoka na kupasuka vile. Nimeisikia hadithi hiyo labda mara hamsini. Kila mzee ana namna yake ya kuonyesha pigo la mchi kwa mkono, na vijana huisubiri hiyo sehemu.

Katika hema hilohilo ndipo mambo mazito yanaposemwa. Mwenzetu mke wake kajifungua juzi na yeye yuko Shira. Mwenzetu anadaiwa ada. Mwenzetu anakohoa tangu jana na anaficha, kwa kuwa akishushwa leo atalipwa siku mbili badala ya sita. Hapo ndipo utaona kundi ni kundi au ni mkusanyiko wa watu. Kundi lililokaa vizuri litamwambia kiongozi, litagawana mzigo wake, na likishuka litachanga ili asirudi nyumbani mikono mitupu. Mkusanyiko wa watu utamwacha anakohoa.

Ndiyo maana nasema, na huu ndio msingi wa uzi wangu, kwamba usalama wa mlimani unapangwa kule chini, mitaani na vijijini. Sisi tuna chama chetu cha kuweka na kukopa, watu ishirini na wawili, tunakutana Jumapili ya kwanza ya mwezi baada ya ibada. Msiba kwa mmoja wetu una kiwango chake cha mchango, uzazi una chake, mtoto kupata kipaimara kuna chake. Masika yakianza Machi hadi Mei safari zinakauka, mtu anaendesha bodaboda, mwingine anapalilia kahawa za watu, na hapo ndipo mkopo mdogo wa chama unaokoa nyumba. Januari na Februari kazi inakuwepo, Juni hadi Oktoba ndiyo msimu wenyewe. Mtu aliyenisitiri Aprili, Agosti akilemewa na mzigo pale Barranco nitamwangaliaje?

Meku wa Marangu

Kijana wa Kibosho, hongera kwa kuandika. Mimi ni mstaafu wa njia ya Marangu. Umeeleza ya mahema, ngoja nieleze ya vibanda, kwa kuwa kwetu maisha yalikuwa tofauti.

Njia ya Marangu watu wanalala vyumbani: Mandara, Horombo kwenye mita 3,720, kisha Kibo. Wanaopanda na wanaoshuka wanatumia njia ileile, hivyo wote wanakutana Horombo. Zamani hakuna simu, Horombo ndiyo ilikuwa posta yetu. Unampa anayeshuka ujumbe: mwambie mama fulani mbuzi asiuzwe, mwambie fundi asubiri hadi Jumamosi. Na yeye anakupa habari za huko juu, theluji imeshuka kiasi gani, nani amezidiwa, machela iko wapi. Ile machela yenye gurudumu moja nimeisukuma mara nyingi. Inataka watu wanaojuana, maana mmoja akivuta kabla ya mwenzake mgonjwa anaanguka.

Jambo jingine. Vijana wengi wanadhani historia ya kupanda ni ya wale Wazungu Hans Meyer na Ludwig Purtscheller peke yao, waliofika juu tarehe 6 Oktoba 1889. Meyer alikuwa ameshajaribu kabla na kushindwa. Mara hii alifanikiwa kwa kuwa alipanga kambi, na wabebaji wakawa wanapandisha chakula kutoka chini mara kwa mara, hata wakikosa kilele leo wanajaribu tena bila kushuka hadi Marangu. Kuna mtu wa Pangani, Mwini Amani, aliyebaki nao kambi ya juu wengine walipokuwa wameshushwa. Mtu wa pwani, wa minazi na joto, akakaa kwenye ule ubaridi akitunza kambi. Na kwetu Marangu Mzee Yohani Kinyala Lauwo ndiye anayetajwa kuwa kiongozi wa safari ile. Alifariki 1996, na maadhimisho ya miaka 100 mwaka 1989 yalimkuta hai. Mimi nilimwona kwa macho yangu akiwa mzee sana, na watu walikuwa wanamwamkia kwa mikono miwili.

Mdau wa Dodoma, tarehe unayoitaja ina uzito. Usiku wa kuamkia 9 Disemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliupeleka Mwenge na bendera kileleni. Hadi hapo kilele kilikuwa na jina la mfalme wa Wajerumani. Tangu siku hiyo kikaitwa Uhuru.

Mwana wa Kibosho

Shikamoo Meku. Aika sana. Habari ya Mwini Amani nilikuwa siijui, nitaipeleka jikoni wiki ijayo.

Dada wa Rongai

Naomba na mimi niongee, kwa sababu mkisoma hapo juu mtadhani mlimani ni wanaume watupu.

Nimekuwa mgumu kwa miaka minne. Nilianza baada ya kuachwa na watoto wawili. Mama yangu alilia, alisema mwanamke aliyelala mlimani na wanaume haolewi tena. Mkwe wangu wa zamani alitangaza sokoni. Safari za kwanza tulikuwa wanawake wawili kwenye kundi la watu kumi na nane, na hakuna aliyefikiria tutalala wapi. Tulilala jikoni kati ya masufuria, moto wa gesi umezimwa, tumelala tumevaa makoti.

Mzigo si tatizo. Mimi nimekua nabeba majani ya ng'ombe kutoka tambarare hadi migombani, na majani mabichi ni mazito kuliko begi la mgeni. Tatizo ni hedhi kwenye baridi ya mita elfu nne bila faragha, na tatizo ni kiongozi anayedhani akikupa kazi anakudai. Huyo wa kwangu nilimkataa na msimu mzima sikuitwa.

Kilichonirudisha ni wanawake wenzangu. Tumeunda kikundi, tunajuana kwa sauti na kwa sura, na kiongozi akitaka mmoja tunamwambia tunapanda wawili au zaidi, na hema letu liwe peke yake. Wapo viongozi waungwana waliokubali mara moja. Siku hizi wapo wanawake viongozi pia, wenye leseni, na nikipishana na mmoja wao njiani tunashikana mikono hata kama hatujuani majina. Mama yangu sasa ndiye anayenifungia ndizi za kuchoma za njiani.

Kijana wa Majengo

Uzi mzuri lakini mnapamba sana. Semeni na ya bahasha. Semeni na ya pombe.

Mwana wa Kibosho

Dada wa Rongai, nimekusoma mara mbili. Kwenye chama chetu hatuna mwanamke hata mmoja, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Jumapili nitalileta mezani.

Kijana wa Majengo, uko sahihi, nilikuwa nakuja huko. Kwa wasiojua: mwisho wa safari wageni hutoa bakshishi, sisi tunaiita tipu. Kwa wagumu wengi tipu inakaribia mshahara, na kwa wengine inauzidi. Kiwango cha mshahara ambacho wadau wamekipigania kwa miaka mingi ni shilingi 20,000 kwa siku, yaani safari ya siku sita ni 120,000, na bado zipo kampuni zinazolipa chini ya hapo kwa kuwa zinajua getini kuna vijana mia wanasubiri.

Mwaka wangu wa tatu nilipanda na kampuni ambayo sitaitaja. Wageni walikuwa kumi na mmoja, watu wa furaha, wote walifika kileleni. Asubuhi ya mwisho kambi ya Mweka tuliimba, tukacheza, mgeni mmoja mama wa makamo akalia. Wakampa kiongozi mkuu bahasha. Akaiweka mfukoni, akasema tutagawana Moshi. Moshi akatupa shilingi elfu kumi na tano kila mmoja. Miezi miwili baadaye mgeni mmoja alimtumia mhudumu wetu wa mezani picha pamoja na salamu, akaeleza walichotoa. Fungu la kila mgumu lilikuwa mara tano ya tulichopata.

Ninachotaka mkielewe ni kilichofuata. Hatukwenda popote kushtaki. Wagumu ishirini na kitu waliosafiri siku ile, kila mmoja akarudi kijijini kwake na kulisema jina lile. Msimu uliofuata kiongozi yule akawa anapata watu wasiomfahamu tu, vijana wapya wa getini. Ikafika usiku mmoja wa kilele mgeni wake alizidiwa karibu na Stella Point, kule juu karibu na kilele, na hao vijana hawakujua wamshikeje. Mgeni alinusurika kwa sababu kundi jingine lilikuwa linapita. Ile pesa ya bahasha ilikuwa imeshawaondoa wale ambao wangemshusha.

Kwa hiyo mgeni yeyote anayesoma hapa: taja kiasi mbele ya watu wote, kwa sauti, kila fungu na mwenyewe. Kama Kiingereza kinapishana, andika kwenye karatasi na uibandike kwenye hema la kulia.

Kuhusu pombe ni kweli, na inauma. Mtu anashuka Mweka na laki mbili, miguu imevimba, siku saba hajaona taa. Mbege ya kijijini haina shida sana, watu wanakaa kwa mwenye pombe, kata inazunguka, wazee wapo, mke anajua uko wapi. Shida ni baa za mjini. Asubuhi laki mbili imekuwa elfu thelathini. Chama chetu kiliweka utaratibu kwamba anayeshuka anatuma fungu la chama kwa simu akiwa bado getini, kabla gari halijafika Moshi. Wengine wameongeza, wanatuma na la mke hapohapo. Wake zetu ndio waliotushauri hivyo.

Mkaazi wa Nanyuki

Salamu kutoka upande wa Mlima Kenya. Mimi ni porta wa Sirimon na Chogoria. Huku kwetu mambo yanafanana sana na yenu, tofauti ni kwamba wateja wengi wanaishia Lenana, mita 4,985, ambako unafika kwa miguu. Batian yenyewe, 5,199, inataka kamba na ujuzi wa mawe, na wenyeji wanaoweza kumwongoza mtu huko ni wachache na wanaheshimika sana.

Kitu ninachowaonea wivu ni huo utani wenu wa Wamachame na Warombo. Huku kuna maporta wa Naro Moru, wa Chogoria na wa Sirimon, na kwa muda mrefu kila lango lilikuwa linalinda kazi yake, wa upande mwingine akikanyaga hapo ni maneno. Kilichotuleta pamoja ni mazishi. Mwenzetu mmoja alifariki, na watu wa malango yote matatu wakafika kwake. Tangu hapo tuna kundi moja la WhatsApp la maafa, na mchango haupimwi kwa lango.

Pia nasi tuna wetu. Kisoi Munyao ndiye aliyepandisha bendera ya Kenya mlimani usiku wa Uhuru mwaka 1963. Naona nchi zote mbili zilikuwa na wazo moja.

Mwana wa Kibosho

Karibu sana ndugu wa Nanyuki. Hilo la kundi moja la maafa ndilo linalotushinda sisi. Marangu wana lao, Machame wana lao, Rombo wana lao. Vyama vya wapagazi na vya waongozaji vipo, na KPAP, mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro ulioanza 2003, umesaidia mno, hasa kufuatilia kampuni zinavyowatendea watu na kuwaazima wagumu mavazi ya baridi bila malipo. Ila kwenye msiba bado kila mtu anamzika wa kwao.

Tangu Agosti 2022 kuna intaneti ya TTCL mlimani. Meku, posta ya Horombo imehama. Siku hizi mtoto akizaliwa baba yake anaona picha akiwa kambini. Nimeona mtu mzima akilia nyuma ya jiwe kwa furaha, na kundi zima likamwimbia. Hasara yake ni kwamba msiba nao unafika. Kijana mmoja aliambiwa baba yake amefariki tukiwa Karanga, saa mbili usiku. Zamani angejua akishuka. Wenzake wawili walishuka naye usiku uleule kwa tochi za kichwani, na mizigo yao tukaigawana asubuhi.

Mdau wa Dodoma

Nimesoma yote. Sasa swali langu: mimi ni mtu wa kawaida, nafanya kazi ya kukaa, nina miaka 41. Naweza? Na hiyo hatari ikoje?

Mwana wa Kibosho

Unaweza. Kilele kiko mita 5,895, na pale juu kila pumzi unayovuta ina takriban nusu ya oksijeni unayoipata Dar es Salaam. Hakuna mwili unaopenda hivyo, wa mgumu wala wa mgeni. Dawa yake ni siku. Njia ya siku tano inaokoa pesa na inakosesha watu wengi kilele. Chukua siku saba au nane. Njia ya Lemosho ni nzuri, na Machame ya siku saba inatosha, kwa sababu unapanda hadi Lava Tower, karibu mita 4,600, halafu unashuka kulala Barranco kwenye mita 3,900 na kitu. Mwili unapata kujifunza.

Kichwa kikiuma kidogo ni kawaida, sema. Ukianza kuyumba kama mlevi, ukichanganya maneno, au ukikohoa na kifua kinachemka hata umekaa, unashuka saa hiyohiyo, usiku au mchana. Usibishane na kiongozi. Najua Watanzania wenzangu wanavyoogopa kuonekana wameshindwa, hasa wanaume waliopanda na wafanyakazi wenzao na wameshatangaza kazini. Hao ndio wanaoficha, na wananitisha kuliko wageni wa Ulaya.

Kiingilio cha raia ni cha shilingi, ni sehemu ndogo ya anacholipa mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho cha taifa. Bila kiongozi mwenye leseni hupiti getini. Chupa za maji za kutupa haziruhusiwi, nunua ya kudumu. Na fanya hima kidogo, wale waliopanda zamani watakwambia barafu ya juu ilivyokuwa. Kuanzia 1912 hadi 2007 asilimia 85 ya barafu ile ilikuwa imeshatoweka. Mimi mwenyewe, kwa miaka yangu michache, kuna ukuta wa barafu nilikuwa naupita karibu na kilele ambao sasa nalazimika kuwaelekeza wageni kwa kidole mbali.

Disemba yenyewe ina mvua za vuli zinazomalizikia, msituni utalowa. Lakini tarehe 9 kuna Watanzania wengi juu, na ni siku pekee kwa mwaka ninayosikia Kiswahili kikitawala njia nzima kuanzia Barafu hadi Uhuru. Mwaka jana mama mmoja wa Mtwara alifika kileleni na kanga begani, akaitandaza pale kwenye ubao, akakaa chini akasali. Tulimsubiri kwenye baridi ile bila mtu kumharakisha.

Mdau wa Dodoma

Nimeshaamua, mkuu. Swali la mwisho: nikija, niwaletee nini wagumu watakaonibebea?

Mwana wa Kibosho

Glavu nzito na viatu. Hata vilivyotumika, mradi soli haijang'oka.

Mdau wa Dodoma

Viatu ninavyo jozi mbili, vya kaka yangu aliyekuwa jeshini. Ni namba 43.

Mwana wa Kibosho

Vilete vyote. Mtoto wa kiume wa yule mzee wa Umbwe ameanza kubeba msimu huu na anavaa 43 kama mimi. Kwa sasa tuna jozi moja, tunabadilishana getini: mimi nikishuka Mweka, yeye anapanda navyo. Kesho ni zamu yake.